Pishi na Sahani: Je, Msaada wa Chakula Uishie Kwenye Nafaka?

Kila dini na kila dola iliyowahi kuwawekea watu wajibu wa kumlisha masikini imelazimika kuamua jambo ambalo kwa juu juu linaonekana dogo, nalo ni hali ya chakula kinapofika mkononi mwa mpokeaji. Mwenye njaa anaweza kupewa nafaka ambayo bado haijakobolewa, akapewa unga, akapewa fedha za kununulia anachotaka, au akawekewa mbele yake sahani ya chakula kilichoiva. Katika kila namna, mtoaji huacha sehemu fulani ya kazi kwa mpokeaji na pia humwachia, au humwondolea, sehemu fulani ya uamuzi. Swali linalochunguzwa hapa ni kama msaada wa chakula, uwe wa serikali au wa waumini, unapaswa kugharamia chakula kilichopikwa, na linachunguzwa kwa kutazama mazingira ya mjini kama yalivyo Mlandege, kata ya Manispaa ya Iringa, ambako gunia la mahindi na sahani ya ugali wa moto ya mama lishe hupatikana kwa hatua chache tu, ingawa si kila mwenye njaa anayeweza kuuvuka umbali ulio kati ya viwili hivyo.

Jibu la kukataa limeandikwa waziwazi katika sheria za Marekani. Mpango wa taifa hilo wa kuzisaidia kaya zenye kipato kidogo kununua chakula, uliotungiwa sheria mwaka 1964 kwa jina la stempu za chakula na kubadilishwa jina mwaka 2008, humpa mhitaji kadi ya kununulia vyakula dukani, lakini huweka nje ya orodha ya vinavyonunulika pombe, tumbaku, na chakula cha moto kilicho tayari kuliwa. Kwa hiyo kuku wa kuchoma aliyepoa na kufungwa anaweza kulipiwa kwa kadi hiyo, ilhali kuku yuleyule akiwa bado wa moto hawezi. Zipo njia za pembeni, kwa mfano majimbo yanayotaka huruhusiwa kuwaacha wazee, walemavu na wasio na makazi walipie milo katika baadhi ya migahawa, na katazo hilo huweza kulegezwa kwa muda baada ya majanga. Lakini kanuni kuu imejengwa juu ya picha moja ya mpokeaji, yaani mtu mwenye jiko, sufuria, maji na saa za kutosha kabla ya jua kuzama.

Tanzania haina katazo la namna hiyo. Mpango wa kunusuru kaya masikini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, ulianza mwaka 2012, na awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020 kwa lengo la kuvifikia vijiji, mitaa na shehia zote. Msaada wake mkubwa ni ruzuku ya fedha inayolipwa kila baada ya miezi miwili kwa kaya zilizotambuliwa katika mikutano ya hadhara, na sehemu ya ruzuku hiyo hufungamanishwa na mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki. Hakuna kifungu kinachomzuia bibi wa Mlandege aliyepokea ruzuku kununua wali na maharage kwa mama lishe. Hata hivyo, pale sheria inapokaa kimya, ndimi za watu husema, kwa maana anayenunua gunia kwa fedha ya msaada huhesabiwa kuwa mwenye busara, na anayenunua sahani huweza kuambiwa kuwa anakula kwa anasa. Kwa sababu hiyo mjadala wa Tanzania ni wa kimaadili kuliko wa kisheria, na huwa mzito zaidi unapochunguzwa kupitia mafundisho ya dini ambayo wakazi wa Iringa, Waislamu kwa Wakristo, hupimia wema na ubaya wa kutoa.

Mafundisho yaliyolichambua jambo hili kwa undani zaidi ni ya fiqihi, yaani elimu ya Kiislamu ya hukumu za matendo. Katika zaka ya fitri, sadaka ya lazima inayotolewa mwishoni mwa Ramadhani kabla ya swala ya Idi, kila Mwislamu mwenye uwezo humtolea kila mtu aliye chini ya ulezi wake pishi moja, sawa na vibaba vinne, ya chakula. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hudai kuwa pishi hiyo iwe ya nafaka ambayo ndiyo chakula kikuu cha mji husika, na tena iwe nzima. Unga hautoshi, na mkate hautoshi, kwa sababu nafaka nzima huwekeka akiba na huacha mlango wazi kwa matumizi mengi, ambapo kilichokwisha kusagwa au kuokwa kimeshafungiwa tumizi moja na siku chache. Madhehebu ya Hanafi, kwa upande wake, hukubali unga na hukubali pia thamani yake kwa fedha, kwa hoja kwamba makusudio ni kumtosheleza masikini haja yake katika siku ya furaha.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi katika kafara ya kiapo, yaani fidia anayotoa mtu aliyevunja kiapo chake, ambayo Kurani, katika sura ya tano, imeitaja kuwa ni pamoja na kuwalisha masikini kumi chakula cha wastani wanacholishwa watu wa nyumbani kwa mtoaji. Wanazuoni wa Hanafi huona kwamba kuwakaribisha masikini hao wakala wakashiba mchana na jioni kunatosha, ilhali wale wa Shafii hutaka kila mmoja akabidhiwe kibaba chake kikawa mali yake. Kinachogombaniwa hapo ni dhana ya kumilikisha, yaani kuhamisha mali kikamilifu kutoka kwa mtoaji hadi kwa mpokeaji, ikitofautishwa na kuruhusu tu, ambako mgeni hula kilicho mbele yake lakini hana mamlaka ya kukibeba, kukiuza wala kumpa mwingine. Aliyemilikishwa anaamua mwenyewe kama atakula leo au kesho, kama atampelekea mwanawe au atabadilisha nusu yake kwa chumvi na mafuta, jambo ambalo mlaji wa karamuni hawezi kulifanya. Kwa mtazamo huu, nafaka hupendelewa kwa kuwa inamwachia masikini hadhi ya mwenye mali, na wala si kwa kuwa mpokeaji anashukiwa uvivu.

Hata hivyo, madhehebu yaleyale ya Shafii hayakulifanya pendeleo hilo kuwa sheria ya kila mahali. Katika udhia, mnyama anayechinjwa siku ya Idi ya kuchinja, hudai kwamba sehemu fulani ya nyama wapewe masikini ikiwa mbichi, ili waweze kuitumia watakavyo hata kwa kuiuza, na kuwaalika wakale iliyopikwa hakutoshi. Lakini katika akika, mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa, wanazuoni walewale husema ni bora nyama ipikwe, kisha wakaongeza sharti la adabu linalostahili kuzingatiwa, kwamba kuwapelekea masikini chakula hicho majumbani mwao ni bora kuliko kuwaita waje. Hivyo fiqihi yenyewe inakiri kwamba kuiva kwa chakula hakumdhalilishi mpokeaji, bali kinachoweza kumdhalilisha ni namna anavyofikishiwa.

Kuna tukio moja katika sira ya Mtume linalotoa sababu kwa uwazi zaidi. Jafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka 629, Mtume aliagiza watu waitengenezee chakula familia yake kwa kuwa limewafika jambo lililowashughulisha. Agizo hilo halikutegemea kama nyumba ya Jafar ilikuwa na nafaka au haikuwa nayo. Lilitegemea kwamba wafiwa hawakuwa na nguvu wala utulivu wa kusimama jikoni, na chakula kilichopikwa kikawa ndicho msaada unaolingana na upungufu wao. Desturi ya nyanda za juu kusini, kama ilivyo kwingi Tanzania, inafuata mantiki hiyohiyo bila kuhitaji kitabu: majirani huja msibani na kuni, unga na mwiko, na hakuna mwenye akili timamu anayemlaumu mfiwa kwa kula asichokipika.

Mapokeo ya Kiyahudi na ya Kikristo yanafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mishna, mkusanyo wa hukumu za Kiyahudi uliokamilishwa karibu na mwaka 200, inazungumzia vyombo viwili vya msaada, ambavyo ni sinia la chakula kinachogawiwa kila siku na mfuko unaogawiwa kila wiki. Mwenye chakula cha milo miwili hana haki ya kuchukua kutoka kwenye sinia, na mwenye chakula cha milo kumi na minne, yaani cha juma zima, hana haki ya kuchukua kutoka kwenye mfuko. Mpangilio huo unatambua kwamba njaa ina saa zake, na kwamba aliyekosa mlo wa leo hahudumiwi ipasavyo kwa kupewa kitu kitakachokuwa chakula kesho kutwa. Sheria ya Musa katika Mambo ya Walawi, kwa upande mwingine, inamwamuru mkulima aache pembe za shamba bila kuzivuna ili masikini na mgeni waokote wenyewe, na hapo msaada unatolewa ukiwa mbali kabisa na sufuria, kwa anayeweza kuinama na kubeba.

Kanisa la kwanza lilikutana na ugumu wa upande wa pili. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya sita, kinaeleza manung'uniko kwamba wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, hata ikabidi wachaguliwe watu saba wa kusimamia meza. Kisa hicho kinafunua udhaifu halisi wa msaada wa mlo wa kila siku, kwa maana pishi ya nafaka hujazwa na kufutwa mbele ya macho ya wote, ilhali upawa hutegemea mkono unaouchota na jicho linalomtambua anayepokea. Wakristo wa Iringa wanaozoea mavuno kuletwa kanisani na kunadiwa baada ya ibada wanaujua uwazi wa kipimo cha nafaka, na yeyote aliyewahi kupanga foleni ya chakula cha bure anajua kwamba aliye nyuma haoni kilichobaki ndani ya sufuria.

Mwanafalsafa na mwanauchumi Amartya Sen, katika maandishi yake ya tangu mwisho wa miaka ya 1970, ametoa chombo cha kuyaunganisha mafundisho haya. Kwa hoja yake, haki haipimwi kwa vitu ambavyo mtu anavyo, inapimwa kwa yale anayoweza kuwa na kuyafanya kwa vitu hivyo, kwani watu wawili wenye kiasi kilekile cha chakula huweza kutofautiana sana katika kukigeuza kuwa lishe, kutegemea afya, umri, jinsia na mazingira. Uwezo huo wa kugeuza ndio unaosahaulika pale msaada unapohesabiwa kwa kilo peke yake.

Maharage yanatosha kuionyesha hoja hiyo kwa karibu. Kilo moja ya maharage makavu hupaswa kuchambuliwa mawe, kuoshwa, kulowekwa usiku kucha kama mpishi anataka kubana matumizi ya moto, kisha kuchemshwa kwa saa mbili au zaidi, huku maji yakiongezwa kila yanapokauka, ndipo yaungwe kwa kitunguu, nyanya na mafuta. Mahindi ya fitri nayo hupelekwa mashineni yakakobolewa na kusagwa kwa malipo, na ugali wake huhitaji moto mkali na mkono wenye nguvu wa kusonga. Kwa mama mwenye nyumba iliyokamilika hayo yote ni kazi ya kawaida. Lakini mzee anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga, asiye na mtu wa kumchotea maji, ambaye mkaa hununua kwa kopo na mikono yake inatetemeka, amepewa kitu ambacho hana budi kukiuza sehemu ili apate moto wa kupikia kinachobaki. Msaada wa namna hiyo umepungua kabla haujaliwa, na upungufu wake hauonekani katika daftari la mgawaji.

Mkoa wa Iringa wenyewe unathibitisha kwamba ghala lililojaa halimaanishi watoto walioshiba vizuri. Iringa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, lakini Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takribani asilimia 57 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani wana kimo kidogo kuliko kinachostahili umri wao, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 30. Wataalamu wa lishe hutaja mlo wa aina moja uliojaa wanga, maradhi ya mara kwa mara, na mzigo wa kazi unaomwachia mama muda mdogo wa kumtayarishia mtoto mdogo milo kadhaa kwa siku. Isidhaniwe kwamba sahani za kununua zingeliondoa tatizo hilo, kwa sababu mizizi yake ni mingi. Kinachothibitika ni kwamba kati ya nafaka na mwili wa mtoto kuna kazi, moto na muda, na kwamba mahali hivyo vinapokosekana, kuongeza nafaka peke yake ni kuongeza kitu ambacho tayari kipo.

Makambi ya wakimbizi mkoani Kigoma yanatoa ushahidi mwingine. Katika Nyarugusu na Nduta, ambako Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likigawa unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta ya kula na chumvi, wakimbizi wamelazimika kutafuta kuni nje ya makambi, na wanawake wamekumbwa na hatari ya kushambuliwa njiani. Watu wapya walipokuwa wakiwasili kwa wingi kutoka Burundi mwaka 2015, walipewa milo ya moto katika vituo vya mapokezi, kwa sababu mtu aliyefika na mtoto mgongoni hana sufuria. Hakuna aliyeona katika jambo hilo kuvunjwa kwa kanuni, kwa kuwa upungufu ulikuwa dhahiri kwa macho.

Wapinzani wa msaada wa chakula kilichopikwa wana hoja zisizofaa kupuuzwa. Ya kwanza ni gharama, kwamba fedha ya sahani moja ingenunua nafaka ya siku kadhaa. Hoja hiyo ni sahihi kwa kaya yenye watu wengi na jiko, lakini hudhoofika kwa mtu mmoja, kwa sababu chungu cha mama lishe kinachowalisha watu hamsini hutumia mkaa na muda mchache kwa kila mlaji kuliko vyungu hamsini vilivyotengana. Ya pili ni utegemezi, nayo huungwa mkono kwa methali inayotaka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Hekima ya methali hiyo haina ubishi kwa mwenye nguvu za kulima, ila yenyewe inaanza kwa kumlisha mgeni siku mbili, na haisemi chochote juu ya yule ambaye siku ya tatu, na ya mia, hataweza kulishika jembe. Ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni kwamba jiko ni kiini cha nyumba, mahali ambapo wazazi huamua watoto wale nini na lini, na kwamba msaada unaopika kwa niaba ya watu huhamisha mamlaka hayo kutoka nyumbani kwenda kwa mgawaji. Hoja hii ni ileile ya wanazuoni wa kumilikisha, na nguvu yake inabaki, kwa sharti kwamba nyumba inayozungumziwa inalo jiko linalowaka.

Kutokana na ulinganisho huu, kanuni moja inaweza kutetewa, kwamba wajibu wa mtoaji unapimwa kwa upungufu wa mpokeaji, na unaenda mbali kadiri upungufu huo unavyokwenda, bila kuvuka hapo. Kwa aliyekosa nafaka peke yake, nafaka au fedha ndiyo haki yake, na kumpikia ni kumpokonya uamuzi ambao angali anaumudu. Kwa aliyekosa na moto, nguvu au utulivu, nafaka peke yake haijamfikia. Serikali ya Tanzania imekwisha kulikubali jambo hili kwa sehemu, kwa kuwa mkakati wake wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie nishati hiyo ifikapo 2034, unautambua moto wenyewe kuwa ni hitaji la kitaifa. Chakula cha shuleni nacho hufuata njia hiyo, kwani wazazi huchangia mahindi na maharage, lakini mwanafunzi hupewa makande au uji, na hakuna anayefikiri kwamba angefundishwa kujitegemea kwa kupewa kibaba cha mahindi makavu darasani.

Kanuni hiyo haiwataki waumini wavunje ibada zao. Mwislamu wa Mlandege anayefuata Shafii atatoa pishi yake ya fitri kwa nafaka kama alivyofundishwa, lakini sadaka ya hiari haina umbo lililolazimishwa, na ndiyo inayoweza kulipia usagaji, mkaa, au sahani ya kila mchana kwa mzee asiye na mpishi. Parokia au usharika unaonadi mavuno unaweza vilevile kutenga sehemu ya mapato kwa kupatana na mama lishe wa sokoni, ambaye atampelekea mjane chakula chumbani kwake katika hotipoti, au atampa kiti kilekile anachompa mteja mwingine yeyote, bila foleni wala tangazo. Njia ya namna hii huhifadhi adabu iliyofundishwa katika akika na huepusha manung'uniko ya Matendo ya Mitume, kwa sababu mlaji anakuwa mteja anayeweza kudai mchuzi uongezwe au kuhamia kibanda cha jirani akipunjwa.

Suala la nani aamue ndilo linalobaki, na jibu lake linapatikana ndani ya dhana ya kumilikisha yenyewe ikifuatwa hadi mwisho. Ikiwa sababu ya kupendelea nafaka ni kumwachia masikini mamlaka juu ya riziki yake, basi kumkataza kuibadilisha riziki hiyo kwa chakula kilichoiva ni kuirudisha mikononi mwa mtoaji mali ambayo imeshamtoka. Mtoaji anayo haki ya kuchagua atoe nini na kiasi gani, na anao wajibu wa kuuliza kabla ya kuchagua. Lakini kilichokwisha kutolewa kina mwenyewe mpya, na mwenyewe huyo ndiye anayejua kama chumbani kwake kuna moto.